Kenya 2003: Walibebwa au Walijibeba?

Ova 8, kila ova mipira sita, na mipira 2. Ova 6 kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja, yaani hata alama moja. Jumla mikimbio 7, wiketi 3, yaani wapigaji watatu walitolewa. Hiyo ni kazi ya Aasif Karim dhidi ya Australia mjini Durban, tarehe 15 Machi 2003, na kwa maoni yangu hakuna Mkenya aliyewahi kurusha mpira vizuri kuliko hivyo kwenye Kombe la Dunia la kriketi. Siku hiyo Kenya ilipigwa kwa wiketi 5: Australia waliipita idadi ya Kenya wakiwa bado na wiketi tano mkononi.

Naanzia kwenye kichapo kwa makusudi. Mjadala wa Kenya ya 2003 umezoea kuanzia kwenye jedwali la pointi na kuishia hapo hapo. Ukiutaja mwaka ule, atatokea mtu aseme kwa kifua mbele kwamba tulifika nusu fainali, nchi pekee isiyo na hadhi ya kucheza Test, zile mechi ndefu za siku tano, kuwahi kufika huko kwenye Kombe la Dunia la ova 50. Kabla hajameza mate, mwenzake atamkata: mlibebwa. New Zealand hawakuja Nairobi, mkapewa ushindi wa mezani, mkatembea. Wote wawili wanabishana juu ya matokeo. Nani alirusha, nani alipiga, mbele ya nani na kwenye kiwanja cha namna gani, hayo hayaulizwi, na mimi naona jibu limelala humo.

Hata hivyo hoja ya kubebwa si ya kupuuzwa. Ina nguvu kuliko mashabiki wengi wanavyopenda kukiri, kwa hiyo tuipe nafasi yake kwanza.

Mwenyeji wa michuano ile alikuwa Afrika Kusini, na mechi chache zikapelekwa Zimbabwe na Kenya. Nairobi ilipangiwa mbili: New Zealand tarehe 21 Februari na Sri Lanka tarehe 24. New Zealand walikataa kusafiri kwa hofu ya usalama. Miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu hoteli ya Kikambala, karibu na Mombasa, ilipolipuliwa Novemba 2002. Kenya ikaandikiwa pointi 4 bila mpira kurushwa.

Sasa tazama Kundi B lilivyoisha. Sri Lanka pointi 18, Kenya 16, New Zealand 16, West Indies na Afrika Kusini 14 kila mmoja. Timu tatu zilisonga mbele. Ichukue ile mechi isiyochezwa, uwape New Zealand ushindi ambao wengi waliutarajia: wao wanafika 20, Kenya inabaki na 12, na nafasi ya tatu inagombewa na West Indies na Afrika Kusini. Kenya isingeonja hata raundi ya pili, seuze nusu fainali.

Na faida haikuishia hapo. Raundi ya pili, Super Six, timu ziliingia na pointi walizozibeba kutoka makundi: pointi 4 kwa kila ushindi dhidi ya timu iliyosonga nawe, na pointi 1 kwa ushindi dhidi ya timu iliyobaki nyuma. Kenya ilibeba 4 za Sri Lanka, 4 za mezani za New Zealand, 1 ya Canada na 1 ya Bangladesh. Kumi. Ni Australia pekee waliobeba zaidi, 12. India waliingia na 8. Kwa maneno mengine, Kenya ilianza Super Six ikiwa ya pili, na ushindi mmoja tu katika mechi tatu uliitosha kuvuka. Ikaupata Bloemfontein dhidi ya Zimbabwe, ambao nao, ukitaka kucheka, walikuwa wamefika hapo wakiwa na pointi za mezani baada ya Uingereza kukataa kwenda Harare.

Ongeza na vipigo. Potchefstroom, mechi ya kwanza, Afrika Kusini waliwaondoa Wakenya wote kwa mikimbio 140 na kuifikia bila kupoteza wiketi hata moja. Kimberley, West Indies waliwashinda kwa mikimbio 142. Katika mechi tisa zilizochezwa kweli uwanjani, Kenya ilishinda nne na kupoteza tano. Timu ya nusu fainali yenye vipigo vingi kuliko ushindi! Anayesema walibebwa hajaongopa.

Ila tatizo la hoja hiyo ni kwamba inaihesabu bahati ya Kenya peke yake, kana kwamba wenzake wote walipita kwa jasho tupu au walitolewa kwa uzembe tupu. Mwaka 2003 bahati ilikuwa imemwagika kila mahali. West Indies walipoteza pointi mbili kwa mvua: mechi yao na Bangladesh mjini Benoni haikumalizika. Afrika Kusini je? Usiku wa tarehe 3 Machi, Durban, mvua inakaribia kuisimamisha mechi yao na Sri Lanka, Mark Boucher aliambiwa idadi ya mikimbio inayotakiwa kwa hesabu ya Duckworth-Lewis, ile inayoamua mshindi mvua ikikatiza mechi. Akapiga sita, akaifikia idadi hiyo, kisha mpira uliofuata akaupoza tu chini ya miguu yake, akiamini kazi imekwisha. Kumbe idadi ile ilikuwa ya sare. Ya kushinda ilihitaji mkimbio mmoja zaidi. Mwenyeji akatolewa nyumbani kwa kusoma karatasi vibaya. Hakuna aliyewahi kusema Sri Lanka walibebwa siku hiyo.

Halafu kuna jambo moja ambalo sielewi kwa nini halitajwi. Zifute pointi zote za kubeba, uangalie mechi za Super Six peke yake. Australia walishinda tatu, India tatu. Kenya, Sri Lanka na New Zealand walishinda moja moja, na wote watatu walimshinda mtu yule yule, Zimbabwe. Zimbabwe hawakushinda yoyote. Yaani katika raundi ile iliyochezwa na timu sita bora, New Zealand waliokuwa wamedhulumiwa, kama wasemavyo watetezi wao, hawakufanya lolote ambalo Kenya hawakulifanya. Na Sri Lanka, waliowapiga New Zealand kwa mikimbio 47 mjini Bloemfontein siku ya pili ya michuano, wao walikubali kuja Nairobi. Walikuja, wakacheza, wakapigwa kwa mikimbio 53.

Ningeulizwa kuweka dau kwa ile mechi ya tarehe 21 Februari, ningeliweka kwa New Zealand, sina haja ya kujidanganya. Lakini wahenga walisema abebwaye hujikaza, na kujikaza kwa timu hii kuna majina, tarehe na hesabu.

Jina la kwanza litakalotajwa popote ni Collins Obuya. Alikuwa na umri wa miaka 21. Alirusha spini ya kuzungushwa kwa kifundo cha mkono, aina ngumu kuliko zote kuidhibiti, aina ambayo hata mataifa makubwa hupata mrushaji wake mmoja mzuri na kumshukuru Mungu. Tarehe 24 Februari alirusha ova zake 10 zote, akatoa mikimbio 24, akachukua wiketi 5. Si wiketi za mkiani, za wale wapigaji dhaifu wa mwisho. Aravinda de Silva, shujaa wa fainali ya 1996, alimwangukia. Mahela Jayawardene alimwangukia. Kumar Sangakkara naye. Kenya ilikuwa imetengeneza mikimbio 210 tu kwa kupoteza wiketi 9, na Sri Lanka wakaishia 157.

Sasa, uchambuzi bila kumpunguzia kitu. Kiwanja cha Nairobi Gymkhana siku ile kilikuwa rafiki wa spini. Ushahidi ni kwamba kabla ya Obuya kushika mpira, Muttiah Muralitharan alikuwa ameshawatesa Wakenya hapo hapo na kuondoka na wiketi 4. Umati ulikuwa wake. Na baadhi ya wapigaji wa Sri Lanka walijitoa kafara wenyewe, wakiupiga juu mpira ambao siku nyingine wangeutuliza. Anayetaka kuipunguza thamani ya 5 kwa 24 ana pa kushika.

Mimi sishiki hapo. Kiwanja kinachosaidia spini hakimchagulii mrushaji mahali pa kuutua mpira. Kijana wa miaka 21, mbele ya timu iliyokuwa bingwa wa dunia miaka saba nyuma, akitetea idadi ndogo, ova kumi za hesabu nzuri bila kumpa mpigaji nafasi ya kupumua: hilo ni jambo la nidhamu, na nidhamu haiokotwi kwenye nyasi. Pia tusisahau wapinzani wake walikuwa wakimjua Murali, wanafanya naye mazoezi. Spini haikuwa mgeni kwao. Klabu ya Warwickshire ya Uingereza ilimsajili baada ya michuano, na haikumsajili kwa sababu ya umati.

Nikubali hili tu: mwangaza wa siku ile ulikuwa mkali kiasi cha kuwaficha wenzake. Kwa manufaa ya michuano nzima, mechi kwa mechi, nadhani mchezaji muhimu zaidi wa Kenya alikuwa Maurice Odumbe.

Najua kuna watakaonuna. Agosti 2004 Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa mahusiano yasiyofaa na wakala wa kamari, na tangu hapo jina lake hutajwa kwa sauti ya chini. Kifungo kile kilikuwa halali na sitaki kukisafisha. Lakini uchambuzi wa michuano hauandikwi kwa kumfuta mtu aliyekuwa katikati yake. Johannesburg, tarehe 1 Machi, dhidi ya Bangladesh, Kenya ilikuwa ikihitaji ushindi ili njia ifunguke. Odumbe alipiga mikimbio 52 bila kutolewa, akaivusha timu hadi 217, kisha akachukua mpira na kuondoka na wiketi 4 kwa mikimbio 38. Kenya ikashinda kwa 32. Ile ndiyo mechi iliyoipeleka Kenya Super Six. Mechi ya Sri Lanka iliwapa watu kiwewe cha furaha. Hii ya Bangladesh iliwapa tiketi. Mtu mmoja, siku moja, kazi mbili.

Kinyume chake pia kipo. Bangladesh ya 2003 ilikuwa timu mbovu, ilishindwa hata na Canada, kwa mikimbio 60, na haikushinda mechi yoyote. Kumpiga Bangladesh wa wakati ule si sawa na kumpiga Sri Lanka. Kweli. Ila timu ndogo hutolewa kwenye mechi za namna hiyo, zile ambazo ghafla wao ndio wanaotarajiwa kushinda. Odumbe alikuwa amezoea mzigo huo. Ndiye aliyekuwa nahodha mwaka 1996 mjini Pune, Kenya ilipowashinda West Indies kwa mikimbio 73, na wiketi 3 kwa 15 zilikuwa zake.

Thomas Odoyo na Martin Suji nawapitia haraka, si kwa dharau. Odoyo alichukua wiketi 4 kwa 28 dhidi ya Canada mjini Cape Town, mechi ambayo laiti ingepotea tusingekuwa na mjadala huu. Suji aliichana Zimbabwe juu juu Bloemfontein, wiketi 3 kwa 19, hadi wakaishia 133 na Andy Flower akiwa karibu mtu pekee aliyesimama. Hawakuwa na kasi ya kutisha. Walichokuwa nacho ni mstari: mpira ule ule, mahali pale pale, hadi mpigaji achoke. Kwenye mechi ya kwanza na India, Cape Town, wapigaji watatu wa juu wa India waliondoka kabla ya timu kufika mikimbio 30, na kwa muda Kenya ilikuwa ikinusa kitu kikubwa zaidi. Sourav Ganguly akakaa, akapiga 107 bila kutolewa, na harufu ikaisha.

Hapa ndipo nafika kwenye udhaifu ambao wanaoitetea timu hii hawapendi kuugusa: upigaji. Idadi kubwa kuliko zote Kenya iliyowahi kuitengeneza katika michuano ile ni 225, katika mechi hiyo hiyo ya Cape Town. Kubwa kuliko zote! Hakuna Mkenya aliyefika 100. Kennedy Otieno alikaribia zaidi kwa kile kipigo chake cha 79 dhidi ya India, na ni yeye aliyepiga 60 za thamani kubwa siku ya Sri Lanka, ambazo kwa maoni yangu zilistahili sifa nusu ya zile alizopewa mdogo wake Collins. Maana Kennedy, Collins na David Obuya ni ndugu wa damu, watatu katika kikosi kimoja. Ravindu Shah alipiga 61 dhidi ya Canada, kwa mtindo ambao ungempendeza mwalimu yeyote wa upigaji, kisha 46 dhidi ya Australia.

Na nahodha? Steve Tikolo ndiye mpigaji bora Kenya iliyowahi kumtoa, sitegemei ubishi hapo. Mwaka 1996 alipiga 96 mjini Kandy siku Sri Lanka walipofikisha 398. Mwaka 2003 alikuwa kimya sehemu kubwa ya michuano, akaamka mwishoni: 51 mbele ya Australia, 56 mbele ya India kwenye nusu fainali. Wanaomlaumu wanasema aliamka mechi zilipokuwa zimeshaamuliwa. Wanaomtetea wanasema tazama aliamka mbele ya nani. Mimi namlaumu kwa upigaji na kumsifu kwa unahodha, kwa sababu mpango wa timu ulikuwa wake pamoja na kocha Sandeep Patil, aliyekuwa kwenye kikosi cha India kilichotwaa Kombe la Dunia la 1983. Mpango wenyewe ulikuwa huu: hatuna wapigaji wa mikimbio 300, basi tuifanye kila mechi iwe ya mikimbio 200. Wanyime katikati. Kuanzia ova ya 15 hadi ya 40, wape spini kutoka kila upande: Obuya kwa kifundo cha mkono, Odumbe kwa vidole vya kulia, nahodha mwenyewe akijitia kati. Mpinzani aliyezoea kupumzika katikati ya ova hizo ajikute anahesabu.

Mpango huo ulikuwa na tundu moja. Ulihitaji mpinzani apungukiwe subira. Sri Lanka walipungukiwa. Bangladesh na Zimbabwe pia. India hawakupungukiwa, mara zote mbili. Na Australia, hakuna aliyetegemea.

Tunarudi Durban. Brett Lee alikuwa ameifungua mechi kwa kuchukua wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo: Kennedy Otieno, Brijal Patel, David Obuya. Ndugu wawili katika mipira mitatu ile. Kenya ikajikongoja hadi 174 kwa wiketi 8. Australia, timu ambayo haikupoteza mechi hata moja katika michuano ile, ilianza kuifukuza idadi hiyo kama mtu anayewahi basi. Adam Gilchrist alifanya alivyotaka. Walipokuwa wamepita 100 kwa wiketi mbili, Tikolo alimpa mpira mzee wa timu.

Karim alikuwa na miaka 39. Mtu wa Mombasa, aliyewahi kuiwakilisha Kenya hata kwenye tenisi ya Davis Cup. Alikuwa nahodha katika Kombe la Dunia la 1999, akastaafu, akarudi kwenye shughuli zake za bima, kisha akaombwa arudi. Alirusha kwa mkono wa kushoto, polepole, bila mbwembwe. Ricky Ponting, mpira ukamgonga mguuni mbele ya wiketi, nje. Darren Lehmann, nje. Brad Hogg, akaurudisha mkononi mwa Karim mwenyewe, nje. Ghafla Australia wana wiketi tano chini na watu waliokuwa wakipiga kila kitu wanaanza kuinama na kuuzuia mpira kama wanafunzi. Andrew Symonds na Ian Harvey walimaliza kazi, lakini walimaliza wakimkwepa Karim. Waliokuwa upande wake wa uwanja waliridhika kubaki hai.

Wenye kushuku wana jibu lao. Mechi haikuwa na uzito, wanasema. Australia walikuwa wameshapita, Kenya ilikuwa imeshapita, idadi ilikuwa ndogo, na Australia wangeweza kumzuia mzee yule ova zote na bado washinde, kwa hiyo kwa nini wajihatarishe? Sehemu ya mwisho ni kweli na inaeleza kwa nini ova sita zilikuwa tupu. Haielezi wiketi tatu. Ponting hakuwa akitaka kutolewa. Wiki moja baadaye, kwenye fainali, alipiga 140 bila kutolewa na India wote wakashindwa kumwondoa. Na kuhusu uzito wa mechi: siku nne kabla, Port Elizabeth, Shane Bond wa New Zealand alichukua wiketi 6 kwa 23 dhidi ya Australia hao hao, timu yake ikapoteza kwa mikimbio 96, na hadi leo kazi ile inahesabiwa miongoni mwa bora za michuano. Hakuna anayeipunguzia kwa sababu New Zealand walipoteza. Karim apewe kipimo hicho hicho.

Ndiyo maana namweka juu ya Obuya. Obuya alifanya kazi kubwa mahali palipomfaa na ikazaa ushindi. Karim aliifanya ugenini, kwenye kiwanja ambacho dakika chache kabla Gilchrist alikuwa anakifurahia, mbele ya timu bora duniani, akiwa na idadi isiyoteteeka. Atakayesema ushindi ndio kipimo cha mwisho atamchagua Obuya, na sitamwita mjinga. Kriketi ni mchezo wa timu na wiketi zinazoshinda mechi zina utamu ambao wiketi za kichapo hazina. Ila nikiulizwa ni siku gani Mkenya mmoja alirusha mpira katika kiwango ambacho hakuna mtu duniani angeweza kukizidi, nitataja Durban.

Nusu fainali yenyewe, tarehe 20 Machi, haina mengi. India 270 kwa wiketi 4, Sachin Tendulkar 83, Ganguly 111 na hakutolewa. Kenya 179. Tofauti ya mikimbio 91 inaeleza pengo la siku hiyo kwa usahihi kabisa: warushaji waliizuia India isifike 300, na wapigaji hawakuwa na silaha ya kuifukuza hata hiyo 270. Tendulkar alimaliza michuano na mikimbio 673. India nao, kwenye fainali, walipigwa na Australia kwa 125, pengo kubwa kuliko la Kenya dhidi yao.

Kwa hiyo walibebwa? Hadi mlangoni, ndiyo, kwa pointi 4. Timu iliyoingia ndani ilikuwa na warushaji wa daraja la nusu fainali na wapigaji wa daraja la raundi ya kwanza, na ukiitazama hivyo, matokeo yake yote tisa yanaelezeka, ushindi na vipigo, bila kumwita mtu mwizi wala malaika. Hata miaka ya kuporomoka iliyofuata, migogoro ya chama na wachezaji, hadi kupotea kwa hadhi ya mechi za kimataifa za ova 50 mwaka 2014, inasomeka vizuri zaidi hapo. Spini ya Karim na Odumbe ilikuwa ya watu waliokuwa wakielekea kustaafu. Upigaji haukuwa na warithi walioandaliwa. Na Obuya aliandamwa na majeraha, mkono ukapoteza ule ufundi.

Bangalore, Machi 2011, Kombe la Dunia la mwisho Kenya iliyocheza. Australia tena, wametengeneza 324. Kenya haikaribii, lakini inamaliza ova zake 50 na mikimbio 264 kwa wiketi 6, zaidi ya ilivyowahi kupiga katika mechi yoyote ya 2003. Katikati ya kiwanja anatoka mpigaji aliyeishiwa mipira akiwa na 98, hajatolewa. Ni Collins Obuya.